Uji wa Watoto Ni Deni la Serikali



Yako mambo ambayo watu wa siasa huyaona madogo kwa kuwa hayana bendera wala hayapigiwi ngoma. Moja katika hayo ni kikombe cha uji cha mtoto wa miaka minne. Sisi twasema ya kwamba jambo hili si dogo, na twataka chama chetu kilichukue kuwa ni shauri lake kubwa. Chakula cha watoto wadogo katika vituo vya kulelea watoto, katika skuli za chekechea na katika vyuo vya Qur'ani, kilipwe na Hazina ya Serikali kwa sheria, kisiachiwe michango ya wazazi.

Haya twayaandika tukiwa Miembeni. Wala si Miembeni ya Unguja mjini ambayo kila msomaji aijua, bali ni Miembeni ya Bukoba, kata moja ya Manispaa hiyo iliyo ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Watu wa visiwani tumetawanyika kila penye biashara, na huku nako tupo. Muuza duka husikia habari za nyumba za watu kabla hazijafika barazani, kwani kwake ndiko kunakoombwa nusu kilo ya unga kwa mkopo. Msomaji wa Wete au wa Makunduchi asiseme ya Bukoba yatuhusu nini. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Yanayowapata watoto wa huku ndiyo yanayowapata wa kwetu. Tofauti ni jina la samaki.

Hebu tueleze hali ilivyo. Akina mama wa mji huu huamka kabla ya alfajiri. Wako waendao mwaloni kupokea samaki, wako waendao sokoni na mikungu ya ndizi, na wako wauzao chai na maandazi. Mtoto hupelekwa kituoni asubuhi, akakaa huko hata adhuhuri, na pengine hata alasiri. Kituo humtaka mzazi mchango: unga, sukari, kuni, au fedha taslimu. Aliye nacho hutoa. Asiye nacho huahidi, na ahadi ikirudi mara ya tatu bila ya kitu, jina la mtoto wake hukatwa katika daftari la uji. Tumeyasikia haya kwa wazazi zaidi ya mmoja, wala hatutataja kituo chochote, kwa sababu kosa si la mlezi. Mlezi mwenye unga wa vikombe 40 na watoto 60 atafanya nini? Huwagawia walioleta. Waliobaki huambiwa wakacheze nje, nao hucheza papo hapo mlangoni, macho yao yakiwa ndani ya sufuria.

Hapa ndipo ubaya wa michango unapodhihirika. Mchango humlisha yule ambaye kwao kuna chakula, ukamnyima yule ambaye kwao hakuna. Mtoto wa mwenye duka hunywa uji nyumbani na akanywa tena kituoni. Mtoto wa mchukuzi hakunywa nyumbani, na kituoni huambiwa angoje baba alipe. Jambo lililokusudiwa kuondoa njaa likawa ni jambo la kuitangaza njaa mbele ya watoto wenziwe. Na mtoto wa miaka minne hajui bajeti wala waraka; ajualo ni kuwa yeye hakupewa.

Wala mtu asidhani ya kwamba Kagera ni nchi kavu. Mvua zipo, migomba ipo, kahawa na maharage yapo, na ziwa limejaa samaki. Juu ya neema yote hiyo, uchunguzi wa afya ya taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano, 34 wamedumaa. Na kwa Tanzania nzima hesabu ni 30. Insafu yatutaka tuseme pia ya kwamba katika uchunguzi wa mwaka 2015-16 hesabu ya Kagera ilikuwa karibu 42. Basi hatusemi kuwa hapana kilichofanywa. Twasema kilichosalia ni theluthi nzima ya watoto, na theluthi si masalio ya kufagiwa chini ya mkeka.

Yawaje mtoto akadumaa chini ya mgomba? Jawabu ni kuwa ndizi hushibisha tumbo, lakini peke yake haijengi mwili. Mtoto anataka samaki, maharage, karanga, maziwa, mayai. Na katika hivyo, vilivyo bora huondoka. Sangara wa ziwa hili hukatwa minofu akasafirishwa ng'ambo, na mabondo yake yakenda China. Dagaa, ambaye ndiye samaki wa maskini, sehemu yake kubwa hununuliwa kwa kutengenezea chakula cha kuku na mifugo. Wavuvi wa visiwa vya Muleba hukesha ziwani na taa zao, asubuhi wakaanika dagaa, na mwisho wake kuku wa mjini wakala protini ambayo mtoto wa mvuvi hakuionja. Kadhalika mwaka 2006 uligunduliwa mkoani humu ugonjwa wa mnyauko wa migomba uletwao na bakteria, na mashamba mengi yakafyekwa. Na kabla ya hapo, wagonjwa wa mwanzo wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na maradhi hayo yakawaacha mayatima wengi mikononi mwa bibi zao. Nyumba iliyopigwa mapigo ya namna hii haiwezi kuambiwa tu: changia.

Sasa tuitazame Serikali yasemaje. Mwaka 2016 Serikali ya Muungano ilipoanza elimu bila malipo katika skuli za Bara, Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo uligawa wajibu wa kila mtu, na chakula cha mtoto wa skuli ya kutwa ukakiweka juu ya mzazi. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka mitano hata 2025/26, na lishe ya kutosha ikatajwa kuwa ni nguzo moja katika nguzo zake tano. Maneno ni mazuri. Lakini nguzo bila ya saruji ni picha ya nguzo. Mpango wasema mtoto ale; waraka wasema alipiwe na babake; na baba asipokuwa na kitu, mpango na waraka vyote viwili hunyamaza.

Kuna na fungu la lishe. Halmashauri za Bara ziliagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe kwa ajili ya kulisimamia jambo hilo. Mkataba mwingine ulitiwa saini Septemba 2022. Fungu hili si la uji peke yake. Ni la kazi zote za lishe kwa pamoja. Sisi wauza duka elimu yetu ni ya chuoni na ya mizani, basi tupime. Shilingi 1,000 ukizigawa kwa siku 365 hazifiki shilingi 3 kwa siku. Sarafu ndogo kabisa tunayoipokea dukani leo ni ya shilingi 50. Kwa hiyo mtoto itampasa angoje zaidi ya siku 18 ili fungu lake lijae sarafu moja. Na shilingi 1,000 zenyewe, fungu lake la mwaka mzima, hazinunui hata nusu kilo ya sukari kwa bei ya leo. Hiki ndicho kipimo cha thamani ya mtoto katika daftari la nchi, nasi hatukukitunga.

Basi uji wenyewe ni bei gani? Tukikadiria kwa wingi, kikombe cha uji wa ulezi au mahindi, wenye karanga au unga wa dagaa na sukari kidogo, ni kiasi cha shilingi 200. Kituo cha watoto 60 kitahitaji shilingi 12,000 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo, ni shilingi 2,328,000 kwa mwaka. Vituo 100 vya namna hiyo, yaani watoto 6,000, havifiki shilingi milioni 233. Watoto milioni moja ni shilingi bilioni 38.8, na hata tukiongeza theluthi yake kwa ajili ya kuni na ujira wa mpishi, haifiki sehemu moja katika 1,000 ya bajeti ya Serikali ya Muungano ya mwaka 2025/26, iliyokuwa ya shilingi trilioni 56.49. Atakayesema fedha hapana, na atuonyeshe kwanza bei ya magari wanayopandia wakubwa kuja kutuambia kuwa fedha hapana.

Wako watakaotujibu ya kwamba kumlisha mtoto ni wajibu wa mzazi, na Serikali isiingie jikoni kwa watu. Hatukatai wajibu wa mzazi; dini yetu yauthibitisha. Lakini tuliosoma vyuoni tumefundishwa habari za Sayyidna Omar bin Khattab. Imepokewa ya kwamba aliweka posho katika hazina kwa kila mtoto aliyeachishwa ziwa. Usiku mmoja alipokuwa akilinda msafara uliotua nje ya mji, alisikia mtoto analia, akamwendea mama yake akamnasiha, akaondoka. Mtoto akalia tena, na mara ya tatu mama akamwambia, bila ya kumjua ni nani, kuwa anamwachisha ziwa kabla ya wakati wake, kwa sababu Omar hatoi posho ila kwa aliyeacha ziwa. Omar aliswalisha alfajiri akilia, kisha akatangaza ya kwamba posho ni ya kila mtoto tangu kuzaliwa kwake, na watu wasifanye haraka ya kuwaachisha watoto wao.

Tazama hekima yake, ndugu msomaji. Hakumlaumu mama wala hakumwambia yule ni mwanao, mlishe mwenyewe. Aliona kuwa sharti alilolitia yeye mtawala ndilo lililomliza mtoto, akaliondoa sharti. Leo sharti letu ni mchango. Ondoeni sharti! Na Sura ya Maauni, ambayo kila mtoto wa chuo huihifadhi, yawalaumu hata wale wasiohimiza kulishwa maskini. Sisi twahimiza, la Serikali ni kulisha.

Jawabu la pili hupenda kusemwa na wataalamu: mtoto hudumaa zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hata miaka miwili, basi uji wa chekechea umechelewa. Hilo ni kweli nusu yake. Ndiyo maana twataka mama mjamzito na mtoto mchanga wasisahauliwe kliniki, na vituo vipokeavyo watoto wa miaka miwili viwemo katika mpango tangu siku ya kwanza. Lakini mtoto wa miaka minne mwenye njaa hawezi kujifunza alifu wala a, hata kama urefu wake ni kamili. Mwalimu yeyote wa chuo atakwambia: mwenye njaa husinzia kwenye msahafu. Kuchelewa si hoja ya kutokuja kabisa.

Jawabu la tatu ni la wizi: wakubwa watakula unga wa watoto. Hofu hii ina haki yake, na dawa yake twaijua madukani. Kila kituo kibandike mlangoni karatasi moja kila Jumatatu: kilo za unga zilizopokewa, kilo zilizopikwa, idadi ya watoto waliokunywa. Mama ajuaye kuhesabu pishi atagundua upungufu kabla ya mkaguzi hajavaa viatu. Wizi hukua gizani. Ukiandikwa mlangoni huona haya.

Wala hatuzungumzi ndoto. Nchini kwetu wenyewe, kuanzia mwaka 1983, mkoa wa Iringa ulikuwa na mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia. Ulianza katika vijiji 168. Watoto wakapimwa uzito mbele ya wanakijiji, wakalishwa katika vituo vya vijijini, na utapiamlo mkali ukapungua sana katika muda wa miaka michache. Leo mkoa huo huo wa Iringa ndio ulioongoza kwa udumavu nchini katika uchunguzi wa 2022, watoto karibu 57 katika kila 100. Sababu ni nyingi, wala hatutii yote katika kapu moja. Lakini somo moja halina shaka: jambo lililosimama kwa fedha za mgeni huyumba mgeni akifunga mizigo. Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na maziwa ya Nyayo katika skuli za msingi tangu 1979. Yalitoka katika ukarimu wa Rais na hayakupewa mizizi ya kutosha, yakakatika katika miaka ya tisini. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianza upya kwa njia nyingine: majiko makubwa yakajengwa, na mtoto wa skuli za umma, wa chekechea na wa msingi, akala mchana kwa shilingi 5 za Kenya, gharama iliyobaki ikabebwa kwa niaba yake.

Na tuvuke bahari hata Bara Hindi, ambako babu zetu walifuata mchele na nguo. Katika jimbo la Tamil Nadu, Waziri Mkuu wa jimbo M. G. Ramachandran alianzisha tarehe 1 Julai 1982 chakula cha bure kwa watoto, akianza na walio na miaka miwili tu katika vituo vya malezi vya vijijini. Walikuwako waliomkejeli kuwa anatafuta kura na kuwa hazina itakauka. Hazina haikukauka, na waliokuja baada yake, hata mahasimu wake, hawakuthubutu kukiondoa. Tarehe 28 Novemba 2001 Mahakama Kuu kabisa ya India iliyaamuru majimbo yote yawape watoto wa skuli za msingi chakula kilichopikwa, na mwaka 2013 haki hiyo ikaingizwa katika sheria. Huo ndio ufunguo. Ukarimu wa mkubwa huondoka naye, sheria hubaki.

Sasa turudi visiwani, kwani huko ndiko chama chetu kilikosimama. Elimu ya msingi si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, Baraza lake la Wawakilishi na Sheria yake ya Mtoto, Na. 6 ya 2011. Tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa Zanzibar ya kuwa elimu ni bure, na Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ikaitia elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Yaani Serikali yamwambia mzazi: ni lazima mtoto wako aje. Sisi twauliza: ukimlazimisha mtu kuja kwako, humkaribishi chakula? Hata mgeni asiyealikwa, mila yetu humwekea sahani. Jambo hili basi halimngoji mtu Dodoma. Laweza kuanzwa na Baraza la Wawakilishi, na Bara wakaja kuliiga kwetu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu yaingizwe katika madai ya chama. La kwanza, itungwe sheria ya kuwa kila mtoto aliye katika kituo cha malezi, skuli ya maandalizi au chuo cha Qur'ani kilichosajiliwa apate mlo mmoja uliopikwa kila siku ya masomo, na gharama iwe katika fungu lake maalumu la bajeti lisilohamishwa. Tumekitaja chuo kwa makusudi. Skuli za awali za madrasa zilianza Mombasa mwaka 1986 zikafika Zanzibar mwaka 1990, na watoto wetu wengi hulelewa chini ya paa la namna hiyo. Njaa haiulizi mtoto anashika kitabu gani. La pili, chakula hicho kinunuliwe kwa wakulima na wavuvi wa pale pale: muhogo na dagaa wa visiwani kwa watoto wa visiwani, maharage na dagaa wa ziwa kwa watoto wa Kagera, ili fedha ya Serikali imlishe mtoto na imfae babake pia. La tatu, iwe ni marufuku kumnyima mtoto chakula kwa sababu ya deni la mzazi. Deni la mtu mzima lidaiwe kwa mtu mzima.

Na sisi wanachama tusingoje mpaka tushike serikali ndipo tuyaseme haya. Kazi ya upinzani si kupinga tu. Ni kumwonyesha mtawala deni lake na kumsomea hesabu mbele ya watu. Kila tawi lihesabu vituo vilivyo katika shehia yake: vingapi vinapika, vingapi havipiki, na watoto wangapi hukatwa katika daftari la uji. Hesabu hizo ziletwe ofisi ya chama kabla ya bajeti ijayo, ili wenye sauti barazani wasisimame mikono mitupu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndio; lakini akisomewa idadi na majina ya shehia hadharani, hatapata tena pa kusema hakujua.

Wabillahi tawfiq.